Viatu vya tope vya bomba la roli na tyubu ya lori: vifaa vya madukani Gerezani, Dar, vinalipa

Wadau mnaolea vikundi vya vijana huku pwani, hasa nyie wa kupanda mikoko, kabla hamjachanga hela za gambuti hebu someni hapa kwanza. Gambuti kwenye tope la Kunduchi maji yakishakupwa ni mateso, unazama mpaka gotini, ukivuta mguu unatoka peke yake buti linabaki chini. Sisi na vijana wa mtaani kwetu tumetengeneza viatu vya tope wenyewe kwa vifaa vya bei chee na naviunga mkono kwa asilimia zote.

Wazo ni la viatu vya theluji. Wenyeji wa asili wa Kanada wamevivaa karne na karne, wanakunja fito ya mti inakuwa duara refu, katikati wanasuka ngozi mbichi ya mnyama, basi uzito wa mtu unatawanyika kwenye eneo kubwa na hazami. Tope la bahari nalo linataka hivyohivyo ila lenyewe lina ubishi mwingine, linanyonya. Ukikata plaiwudi ukaifunga mguuni hutozama, shida ni kunyanyua hatua inayofuata maana hewa haipiti chini, unavuta mpaka paja linauma. Kwahiyo suka uache nafasi, na funga upande wa vidole tu kisigino kiwe huru, ukinyanyua mguu kiatu kinabanduka kuanzia mbele badala ya kung'oka chote kwa mkupuo.

Sasa vifaa. Fremu chukua bomba la roli, lile jeusi lenye mistari ya bluu, la nusu inchi linatosha, Gerezani na Kariakoo wanakukatia kwa mita na kiatu kimoja kinakula kama mita mbili kasoro. Uzuri wake linakuja limeshajiviringisha, yaani nusu ya kazi imefanyika. Pale mbele kwenye kona kali jaza mchanga mkavu ndani, mwagia maji ya moto, kunja taratibu, usipoweka mchanga linajibonyeza na hapo ndo litavunjikia. Ncha mbili za nyuma unazikutanisha unazikaza na mpira.

Bomba jeupe la PVC mimi silipendekezi kwa vijana. Ni gumu zuri sawa, ila likigongwa na jiwe linapasuka na ufa wake unakata kama kiwembe, afu mafundi wengi wanalikunja juu ya jiko la mkaa, likiungua linatoa moshi wenye asidi unaochoma macho na kifua. Watoto wa watu hao jamani.

Kusukia, nyota tano ni tyubu ya lori. Nenda kwa fundi pancha yeyote muombe zile zilizochoka, zingine anakupa bure, kata mikanda ya upana wa vidole viwili. Ikilowa haitelezi na fundo halilegei, wakati kamba ya manila ikishakolea tope inaanza kuachia. Ila tyubu ya bodaboda hapana, nyembamba sana inakatika. Ya kufungia mguuni tumeweka soli za raba kuukuu, vidole vinaingia kwenye mkanda mmoja mpana na mwingine unazunguka nyuma ya kifundo cha mguu, usikaze sana ili mtu aweze kuchomoa mguu haraka.

Na hilo la kuchomoa haraka msilichukulie poa. Siku za bamvu, yaani zile maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanaenda mbali sana na yakianza kurudi yanarudi kwa kasi, na ukiwa na hivi viatu huwezi kukimbia wala kuogelea. Angalieni majira ya maji, muulizeni mvuvi, mtoke mapema. Mikoko pia ni hifadhi ya serikali, pitieni serikali ya mtaa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kuingia na miche.

Dosari ipo moja ya kweli, ukitoka tope jepesi ukaingia kwenye mizizi ya mikoko yenyewe viatu vinanasa hovyo, pale vua utembee kawaida. Mkimaliza suuzeni na maji baridi ya bomba chumvi itoke, na jua linaukausha mpira unapasuka, anikeni kivulini. Vijana wadogo wenye miguu mifupi wafupishieni fremu, wasijikanyage.