Logitech Lift kwa wanaoumwa mkono: nzuri, ila angalia kwanza unaumwa wapi

Kama unashinda kwenye kompyuta na jioni mkono unawaka moto, usikimbilie mausi yoyote iliyoandikwa inazuia maumivu, jiulize kwanza panapouma ni wapi maana kila sehemu ina dawa yake.

Mimi nilikuwa naumwa juu ya kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko, nikachukua Lift, ile mausi ya kusimama ya Logitech. Imeinama nyuzi 57 yani unaishika kama unampa mtu mkono, na faida yake yote iko hapo, kwa mausi ya kawaida unageuza kiganja chini ile mifupa miwili ya mkono inapishana na misuli inakaa imejikaza siku nzima, ukiisimamisha inatulia. Kukliki haina kelele, kidole gumba kina pa kupumzikia, raha kweli. Saizi ndo ya kuangalia sana, Lift ni ya mkono mdogo mpaka wa kati, mwenye mkono mkubwa aende kwenye MX Vertical, nayo ni ya kusimama ya Logitech, nyuzi ni zile zile. Na wa mkono wa kushoto wametengenezewa Lift ya kwao, hilo limenifurahisha sana maana kampuni nyingi huwa zinawasahau. Mausi zote za kusimama mwanzoni zinasumbua kulenga vitu vidogo, kwa sababu unabofya kwa ubavuni na yenyewe inataka kusogea, vumilia tu mkono utazoea.

Ila kama kinachouma ni bega kwa kuburuza mkono, tafuta trekiboli, hiyo haisogei mezani unazungusha mpira tu. Hapa muwe makini jamani, zile za mpira wa pembeni mzigo wote unabebwa na kidole gumba, na kikishaumia hata kufungua kizibo ni shida. Ningekuwa nanunua leo ningechukua ya mpira wa katikati kama Kensington Expert Mouse, unasukuma kwa vidole viwili vitatu, pete ya kuskroli imeuzunguka mpira, na mkono wowote unaitumia.

Halafu mausi ikikaa mbali na kibodi mpaka unanyoosha mkono utaumia tu hata iwe nzuri vipi, isogeze, na uongeze spidi ya mshale kwenye setingi usiwe unasukuma sana. Na ukiona ganzi usiku kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hiyo mara nyingi ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo, nenda kwa daktari mapema.