Mama wa mbalaga jirani na Rufaa Mbeya, kwa wenye mgonjwa wa kemo

Hii naandika kwa wale mnaouguza mzazi mwenye saratani hapa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, hasa mnaotoka Tukuyu, Kyela, Chunya huko, mnafikia gesti au kwa ndugu na jiko la kwenu hamna. Mambo ya dawa na vipimo mtaelekezwa, ila msosi wa mgonjwa unabaki juu yako na ndo unaotesa, maana kemo, yani zile dawa za saratani za dripu, inakata hamu ya kula mpaka unachanganyikiwa.

Sasa kuna mama lishe kwenye vibanda vya karibu na hospitali, jina sitaweka sababu sijamuomba ruhusa, we uliza mama wa mbalaga (zile ndizi za kupika) utaoneshwa. Bi mkubwa, yani mama yangu, ana saratani ya titi, kila baada ya wiki tatu anapigwa dripu, na nyama yoyote ukimpa anasema inanuka chuma. Huyu mama hakuniuliza nataka wali au ugali, aliniuliza "mgonjwa mdomo una vidonda? Anatapika?" Nikamueleza, akaacha nyama kabisa, akapika mbalaga laini ya maharage, ndizi zimeiva mpaka zinapondeka na ulimi, chumvi kidogo, pilipili hamna, ndimu hamna, akaweka kwenye hotpoti na kijiko cha plastiki, anasema cha chuma kinaongeza ile ladha mbaya. Bi mkubwa akala robo, akapumzika, akala tena. Jamani mimi nilitoka nje nikalia.

Kingine kilichonikosha ni usafi. Chakula cha mgonjwa anakupa cha moto kabisa, kachumbari haweki, mayai anachemsha mpaka kiini kinakauka, maji ya kunywa kachemsha. Hiyo sio madoido, baada ya kemo chembe nyeupe za damu zinashuka na mwili unakua hauna ulinzi, tumbo tu la kawaida linaweza kumlaza mtu wodini. (Na homa ikifika nyuzi 38 msisubiri kukuche, nendeni hospitali hata kama ni saa nane usiku.) Uji wake wa karanga nao uko poa, mzito ila unapita, anauza hata nusu kikombe maana anajua mgonjwa anakula kidogo kidogo mara nyingi, ukimletea sahani imejaa anakata tamaa kabla hajaonja.

Alafu hakusahau na mimi. "We mwanangu kaa ule kwanza, ukianguka nani atamshika dada yangu?" Yani yeye anamuita mama yangu dada, na hata hawajawahi kuonana.

Mapungufu yapo. Banda lina moshi sana, mgonjwa usimpeleke pale, harufu ya mafuta ya kukaangia itamtibua roho, nunua ubebe. Hotpoti uje nayo mwenyewe, za kwake ni chache na watu wanagombania. Mbalaga ikifika saa saba imeisha kwahiyo toa oda asubuhi, na Jumapili hafungui, siku hiyo inabidi ujipange. Bei imezidi kidogo vibanda vya jirani, mi nalipa bila kinyongo sababu kule kwingine tulinunua vya bei chee tukaishia kumwaga.

Nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu imeliwa na moshi, kweli akipata hata bomba la kutolea moshi wagonjwa wenyewe wangeweza kukaa pale nje kwenye benchi wakaota jua, mana baridi la Mbeya mwezi wa saba mnalijua.

Bi mkubwa akimaliza dripu anaenda hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar kwa mionzi, ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa na ndugu yetu anakaa mbali na pale. Mwenye kumjua mpishi wa namna hii maeneo yale naomba aniandikie hapo chini, ndizi nitatoka nazo Tukuyu mwenyewe.