Darasa la kutamba hadithi, Mji Mkongwe wa Unguja: panapokolea na panapochacha

Ada ni shilingi 60,000 kwa masiku manane, muda wa saa mbili kila usiku baada ya Isha. Watu hawazidi 12, wote mkekani, na simu zinabaki mlangoni.

Usiku wa mwanzo mzima ni ufunguzi, na maalim hapo hana mchezo. Ukipiga "Paukwa!" ukaondoka bila kungoja "Pakawa!", unarudishwa. Itikio ndiyo mizani: likija legevu, watu bado hawajakaa, basi piga tena. "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kaka", maneno ya kufungulia hadithi, nayo inataka pumzi moja. Ukiikata, watoto wanakumalizia.

Kukariri kumepigwa marufuku. Hadithi ya Sultani Darai inafungwa mafundo tisa ya kuikumbukia: maskini anachakura jaani, anaokota thumuni, ananunua paa, paa anapata almasi, anaipeleka kwa Sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba, anaugua, anatupwa kisimani, maskini yuko jaani tena. Fundo likikuponyoka, usiseme "nilisahau kukwambieni". Umesahau almasi? Mwache paa aitoe mbele ya Sultani na aeleze mwenyewe alikoipata. Hakuna atakayejua.

Fundo la saba ndilo linalowaangusha wengi. Bi kizee wa nyumbani anapanda juu kumwambia bwana, yule maskini aliyetajirishwa na paa, kwamba paa mgonjwa, anashuka na jibu la uji wa mtama mwekundu, anapanda tena. Mwanafunzi huona ni maneno yale yale, akafupisha: "akaenda tena, akakataliwa." Hapo msiba wote umemwagika. Maalim anamsimamisha, anamwonesha ngazi ya ukumbi: "Panda, mwanangu. Shuka. Panda tena." Magoti yakichoka, sauti inashuka yenyewe, na jibu la bwana linabaki kavu vile vile. Kwa somo hili pekee ada imerudi.

Kisimani, "chubwi!" ni moja, kisha kimya. Zikiwa tatu watu watacheka, na hapo si pa kucheka.

Vitendawili vimepewa dakika kumi tu, dhuluma hiyo. "Tega", kukisia, "nipe mji", kuuchagua mji: ndivyo mtambaji mchanga anavyozoea kuwasikiliza watu kabla hajawashika kwa hadithi ndefu. Ngoma nayo inatoka kwenye spika. Haingoji waitikiaji, inawapita.

Usiku wa mwisho ndio mbovu. Wageni wanaalikwa, kuna maikrofoni na mkalimani wa sentensi kwa sentensi. Maikrofoni inafunga mkono mmoja, na paa asiye na mikono miwili hana pembe. Itikio likingoja tafsiri, limeshapoa. Mkalimani angeeleza kisa chote mwanzoni, kisha akakaa mkekani na wenzake.

Mwalimu wa skuli au madrasa achukue masiku matano ya mwanzo. Wanakubali nusu ada ukiomba kabla ya kuanza.