Breeding Death ya Bloodbath: napanda Free Area, nashuka tao, imeisha

Mimi bendi za masupastaa huwa siziamini, wacha niseme hiyo mapema. Wanachukua msee mmoja bendi hii, mwingine bendi ile, kila mtu anakuja na jina lake na kiburi chake, na mafahali wawili tu zizi moja hawakai, sasa hapa wako wanne. Kwa hivyo hii Breeding Death, EP (rekodi fupi ya ngoma chache) ya kwanza ya Bloodbath, bendi ya dethi metali, yaani roki nzito ya kunguruma, nilikaa nayo kwa simu kama miezi miwili bila kuigusa, hadi siku moja nimepanda mat Free Area hapa Nakuru naenda tao, makanga ameweka mahubiri na sauti iko juu mpaka viti vinatetemeka, nikasema basi leo ni leo, nikavaa hedifoni.

Ngoma ni tatu tu. Breeding Death yenyewe, Ominous Bloodvomit, halafu Furnace Funeral. Zote pamoja hazifiki robo saa. Ilitoka 2000 chini ya kampuni ya muziki ya Century Media, na kama barabara haina jam unaingia mat ngoma ya kwanza ikianza na unashuka tao ya mwisho ikiwa inamalizikia, mimi nimepima zaidi ya mara moja.

Sasa hao wanne ni akina nani. Kwa sauti ni Mikael Åkerfeldt wa Opeth, gita ni Anders Nyström wa Katatonia, besi ni Jonas Renkse wa Katatonia pia, na kwa dramu ni Dan Swanö wa Edge of Sanity. Wote watu wa Uswidi. Na hapa ndio nilianza kulegeza msimamo, kwa sababu ukifuatilia unakuta hawa si watu waliokutanishwa na meneja kwa ofisi, ni majirani wa siku nyingi. Swanö ndiye alirekodi albamu ya kwanza ya Katatonia 1993 na ile ya kwanza ya Opeth 1995, kwa studio yake. Renkse sauti ya kunguruma ilipomshinda, Åkerfeldt akaenda kumsaidia kwa albamu ya Katatonia ya 1996. Mwaka huo huo Åkerfeldt akaonekana tena kwa Crimson ya Edge of Sanity, ile albamu ya wimbo mmoja wa dakika arobaini. Na 1999 Katatonia hawana mtu wa dramu, nani anawapigia kwa albamu yao Tonight's Decision, Swanö tena. Ni kama vijana wa ploti moja wenye wanakopeshana jiko na chumvi, siku moja wakaamua wapike pamoja.

Kitu imenishika kabisa ni kwamba hawa ni watu wa mambo marefu na ya kufikiri sana. Opeth hao wana wimbo wa dakika ishirini, Edge of Sanity wana huo wa arobaini, Katatonia wakati huo walikuwa wameshaacha kunguruma wanaimba kwa huzuni taratibu kama mtu ameachwa na bibi wakati wa mvua. Halafu wanakutana hapa na wanaacha hiyo ujanja yote mlangoni kama viatu. Hakuna gita ya kubembeleza katikati, hakuna mashairi ya kukuliza, ni rifu (kipande cha gita kinachorudiwa rudiwa), dramu, kunguruma, damu, makaburi, kwisha. Wanataka ile dethi metali ya Stockholm ya mwanzo wa miaka ya tisini, ya bendi kama Entombed na Dismember, wakati gita lilikuwa linapitishwa kwa pedali ya Boss HM-2 ya Kijapani na vifundo vyote vimezungushwa mpaka mwisho, inatoa mlio kama msumeno wa umeme wa fundi akikata mti mgumu. Kama umewahi kukaa karibu na mahali wanapasua mbao unaujua huo mlio, unaingia kwa meno kabla haujafika kwa masikio. Hapa umesafishwa kidogo kuliko wa wazee lakini damu ni ile ile.

Åkerfeldt ndiye ameniua. Kwa Opeth unamskia ananguruma kidogo halafu anaimba vizuri kidogo, hapa hapumziki na hataki huruma yako, na bado unaskia maneno. Hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyofikiri, wengi wakinguruma unaskia tu bomba la maji limeziba. Jioni moja nikaiweka kwa spika pale nyumbani, sauti ya kadiri tu, mama wa ploti akagonga mlango akaniuliza, "We kijana, hayo ni maombi ya kukemea ama umekuwa mgonjwa?" Nikamwambia, "Hapana mathe, ni wazungu wa Uswidi wanaimba." Akasimama akaskia kama nusu dakika hivi, akasema, "Basi waambie washuke chini, mtoto wa huku amelala." Na mimi nikaelewa, sisi tumelelewa na hadithi za mashetani wa kreta ya Menengai, hii sauti mtu akiiskia usiku kwa ukuta lazima aanze kutafuta Biblia.

Sasa lawama. Dramu. Swanö ni mtu wa vyombo vyote, anaimba, anapiga gita, anarekodi, lakini hapa kwa dramu anafika tu mahali panatosha, hakuna hata mara moja niliskia kitu nikarudisha nyuma niskie tena. Anaweka mpigo, anashikilia, basi. Nadhani hata wao waliona, kwa sababu kufikia albamu ya 2004 yeye amehamia gita na wakaleta Martin Axenrot kwa dramu. Na besi jamani. Renkse yuko kwa karatasi, yuko kwa picha, lakini kwa masikio yangu nimemtafuta na hedifoni, na spika, na simu nimeiweka ndani ya kikombe, sijampata.

Ngoma ya pili ni ya kupita tu, ina haraka, ina nguvu, imeenda. Ya kwanza inashika vizuri kwa sababu jina lake ni rahisi kupayuka nayo. Lakini ya tatu, Furnace Funeral, hiyo ndio imenifanya nikaandika hii yote. Wanapunguza mwendo na ghafla uzito unashuka wote, rifu inatembea kama lori limebeba mzigo linapanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, halina haraka, na wewe kwa gari dogo hapo nyuma huna la kufanya. Hiyo moja nimeipiga mara nyingi kuliko hizo zingine mbili pamoja.

Ukiipenda, enda kwa Resurrection Through Carnage ya 2002, ni hao hao wanne na ni albamu nzima. Lakini mimi nitakuambia ukweli, albamu nzima ya hii kitu huwa nachoka nikifika katikati, na EP sijawahi kuchoka, huwa inaisha nikiwa bado na njaa. Jana kulikuwa na jam kuanzia pale kwa raundabauti, nikaizungusha mara tatu na bado sijafika steji.

Kama kuna mtu hapa Nax, yaani Nakuru, ana CD yake asili na haitumii aniambie, nina spika mbili za Sony za zamani, moja inalia vizuri, tunaweza kubadilishana.