Nairobi: kupanda miche mipya au kulinda msitu uliopo?

Siku ya kupanda miti hupendeza: mashimo yako tayari, miche imetolewa kwenye viriba, picha zinapigwa. Kiangazi kikifika, mche usio na wa kuumwagilia maji hukauka, au mbuzi huumaliza.

Kulinda msitu hakuna shangwe, ila matunda yake yanaonekana katika msitu wa Karura, hapa Nairobi. Mwaka 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakipinga ardhi hiyo kugawiwa wajenzi. Leo msitu una zaidi ya hekta 1,000. Wakazi wanasaidiana na serikali kuutunza, kung'oa magugu vamizi na kurudisha miti ya asili.

Nachagua kulinda kwanza. Mitaa kama Kayole haina msitu, kwa hiyo huko tupande, mradi kila mche ukabidhiwe nyumba iliyo karibu.