Kisutu kimetoka rangi ya chungwa: mabango ya mchezo wetu, Ngamiani

Nimechapisha mabango ya mchezo wa jukwaani kwenye duka moja hapa Ngamiani, Tanga, na mpaka sasa hasira haijaniisha. Msiende. Hilo nalisema kwanza.

Bango lilikuwa la A3: mwanamke kajifunika kanga ya kisutu, kageuka, uso hauonekani. Jina la mchezo limewekwa pale chini panapokaa jina la kanga, kwa herufi kubwa. Kila kitu kinategemea ule wekundu. Kisutu ni kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mtu wa Tanga anakitambua hata akiwa ndani ya daladala inayokimbia. Ndiyo maana faili halikupelekwa na rangi za kioo cha simu. Lilishageuzwa CMYK, yaani rangi nne za mashine ya kuchapia, nyekundu ikiwa majenta (waridi iliyokolea) asilimia 100, njano 100, sian (buluu ya maji) sufuri. Kisu kiliachiwa milimita 3 za ziada kila upande, na maandishi yakaingizwa ndani milimita 10. Lilikwenda kwa flashi likiwa PDF, kwa sababu ukituma WhatsApp kama picha linabanwa na herufi zinaota ukungu.

Sampuli ikatoka safi kabisa. Nikaikubali, nikalipia mabango 60.

Nayahesabu pale kaunta, kumi na mawili ya mwanzo hayana neno. La kumi na tatu kisutu kimepauka. La ishirini ni chungwa la Muheza. La mwisho, bibi wa watu kajifunika ganda la embe! Sababu si fumbo: nyekundu ya mashine ni majenta na njano zikilaliana, na majenta ikiisha njano inabaki peke yake. Nyeusi haiguswi, kwa hiyo siku, saa na kiingilio vinasomeka vizuri, na asiyejali rangi anaona kazi imekamilika. Mashine huonya mapema tona, ule wino wa unga, ikikaribia kuisha. Onyo lilikuwa linawaka, nimeliona kwa macho yangu.

Kijana wa mashine hata hakuinua uso: "Dada, watu wanakuja kuangalia mchezo, hawaji kuangalia karatasi."

Karatasi ndiyo inayowaleta! Anayesubiri basi pale Kange hajui waigizaji wala hadithi, ana sekunde chache na bango. Tena picha hiyohiyo imeshazunguka kwenye status za watu ikiwa nyekundu ya kuiva. Akikuta ya chungwa ukutani hataziunganisha.

Ukichapisha kwa mashine ya tona, weka vijisanduku vinne vya rangi, sian, majenta, njano na nyeusi, nje ya mstari wa kukatia. Kila yakitoka mabango kumi chomoa moja, lilaze juu ya sampuli, uyatazame mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani zinadanganya. Na usikubali yakatwe kabla hujamaliza kukagua, maana vijisanduku vikienda na kisu huna tena ushahidi.

Turubai lao la tangazo, lakini, siwezi kulisema vibaya. Mita 3 kwa 1, ukingo umekunjwa na kuunganishwa kwa moto, matundu ya chuma kila nusu mita. Linapigwa na upepo wa baharini na halijachanika popote. Kazi wanaijua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jioni alikuja mwenye duka, mzee wa makamo. Nikamwamkia, nikampa bango moja bila maelezo. Akalipeleka mlangoni, akaligeuza kwenye mwanga, akakaa kimya.

"Hiki si kisutu, mwanangu."

Akabadilisha tona yeye mwenyewe, akayachapa upya yote 48 bila senti, akichomoa moja moja na kulitazama. Yametoka mekundu mpaka la mwisho.

Basi nendeni. Nendeni jioni, mzee akiwepo. Asubuhi msipoteze nauli yenu.