Kulala kwa wenyeji Mochudi: ninaipendekeza, ila ombeni muda zaidi kwenye baraza la kgotla

Nimesoma muhula mmoja Gaborone, na katika ziara zote wanazouziwa wanafunzi wageni kule Botswana, hii ndiyo ningeilipia tena. Mochudi ni mji mkuu wa Bakgatla, mojawapo ya makabila ya Watswana, kama kilomita 40 kutoka Gaborone, na kombi, yaani daladala zao, zipo za kutosha.

Hukalishwi kutazama tu. Mama mwenyeji alitupokea kwenye lelwapa, ua wenye ukuta mfupi wa udongo, na kabla ya lolote akatufundisha kusalimia: dumela mma kwa mwanamke, dumela rra kwa mwanamume, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia. Kumpita mtu mzima kimya ni kumkosea. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hilo halikutupa taabu.

Kisha kazi. Mtama tuliutwanga wenyewe kwenye kinu, ukapikwa bogobe, yaani ugali wao, pamoja na tikiti la lerotse na maziwa ya mgando, wenye uchachu mtamu sana. Seswaa ilisimamiwa na jirani wa kiume, kwa kuwa kwenye harusi na misiba wanaume ndio huipika: nyama ya ng'ombe, maji na chumvi, saa kadhaa ndani ya chungu cha chuma cha miguu mitatu, halafu inapondwa hadi ichambuke nyuzinyuzi. Hakuna kitunguu wala bizari. Wafugaji wale wanaiamini nyama yao.

Kilichonigusa zaidi ni makumbusho ya Phuthadikobo, juu ya kilima. Jengo lilikuwa shule, na Bakgatla walilijenga kwa nguvu zao mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya Isang Pilane, kaimu chifu wao. Kazi ilifanywa na mephato, marika ya watu waliopitia jando au unyago pamoja na ambao kgosi, yaani chifu, aliweza kuwaita kazini maisha yao yote. Ukisimama pale juu ukaona mji ulivyo mbali chini, unajua walijituma kiasi gani. Makumbusho yalianza 1976. Msiyapite haraka.

Ninacholalamikia ni ratiba. Ngoma ya jioni ilikatwakatwa kwa ajili ya picha, na kgotla, baraza ambako kgosi husikiliza kesi na watu wake husema kabla yake, tuliiona ikiwa tupu kwa dakika chache. Waandaaji wangetupeleka siku ya kazi, kesi inaposikilizwa, tungejifunza mara kumi zaidi. Ombeni hilo kabla ya kulipa.

Tena waulizeni mapema kuhusu mavazi. Sisi tuliambiwa tukiwa njiani. Kina kaka huvua kofia. Kina dada hawaingii kgotla na suruali: vaeni sketi ndefu na mfunike mabega. Khanga inatosha kabisa.